Lipu ya Bafu Inapobomolewa

Mwezi huu tuziache kidogo habari za malaria na chanjo, tuingie bafuni. Hapa Makorora, kama ilivyo Ngamiani na Mabawa, nyumba nyingi zina umri mkubwa, na bafu ndilo linaloanza kuonyesha uzee huo. Lipu inatoa unga mweupe wa chumvi, inavimba, kisha inaanguka vipande vipande. Mwenye nyumba anamwita fundi mwashi, wanahesabu mifuko ya saruji, na kesho yake nyundo na tindo zinaanza kulia. Afya ya watu wanaolala humo haizungumzwi. Nami, pamoja na uuguzi wangu wote, sikuizungumza tulipofanya kazi hiyo nyumbani kwetu.

Mjukuu wangu ana pumu. Tulimweka chumba cha pili, tukafunga mlango, tukadhani yamekwisha. Usiku kifua kikambana, pumzi ikawa inalia kama filimbi, tukamkimbiza hospitali. Alipata nafuu alfajiri. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilijua jambo ambalo fundi hakulijua: vumbi zito tunaloliona huanguka chini baada ya muda mfupi, lakini lile laini lisiloonekana huelea hewani kwa saa nyingi na kupita chini ya mlango. Zaidi ya hayo, lipu ya bafu chakavu hubeba ukungu, yaani zile alama nyeusi za pembeni, na vumbi la ukungu huamsha pumu upesi. Mtoto mwenye pumu, mama mjamzito na mgonjwa wa kifua wahamie kwa jirani au kwa ndugu mpaka kazi ya kubomoa iishe na nyumba ipigwe deki kwa maji. Usifagie kukavu, maana utalirudisha vumbi lote hewani.

Sasa tumfikirie fundi na kijana wake saidia fundi. Nilipowaambia wafunike pua, walicheka: “Mama, sisi tumezoea.” Mapafu hayazoei. Mchanga una madini ya silika, na vumbi lake laini likiingia ndani kabisa ya mapafu huacha makovu yasiyofutika kwa dawa yoyote. Mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ndiyo taabu ya wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, ambao wengi wao hupelekwa Hospitali ya Kibong’oto, huko Siha, Kilimanjaro. Siku mbili za kubomoa bafu hazitamfikisha huko mwenye nyumba. Lakini kijana anayebomoa kuta na kukata marumaru kwa mashine kavu kila wiki, mwaka hata mwaka, yuko njiani. Fundi mwenye kikohozi kilichozidi wiki 2 aende kupima makohozi, asiridhike na dawa ya kikohozi ya dukani.

Kinga yenyewe ni rahisi: maji. Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya kugongwa, na kifusi nacho kilowanishwe kabla ya kuzolewa. Lakini kwanza zima umeme kwenye swichi kuu, kwani waya nyingi za zamani zimepita ndani ya lipu hiyo hiyo. Kitambaa cha kawaida usoni huzuia mchanga mkubwa tu. Barakoa ya kazi, ile ngumu inayobana vizuri puani na kidevuni, ndiyo inayofaa. Ukilipia mifuko ya saruji, lipia na barakoa mbili.

Kuna jambo la rangi pia. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana. Zile rangi zisikwanguliwe kavu wala kuchomwa kwa moto. Maganda yake yaokotwe yote, maana mtoto anayetambaa hutia mdomoni kila anachokiona.

Ukuta ukishakuwa wazi, usikimbilie kupiga lipu. Uliza kwanza maji yametoka wapi. Huenda bomba linavuja ndani ya ukuta, au unyevu unapanda kutoka ardhini. Huenda pia fundi wa kwanza alitumia mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, na chumvi yake imekuwa ikivuta unyevu miaka yote. Usiporekebisha chanzo, ukungu utarudi kabla ya masika ya pili. Nyumba ya fito na udongo ina shida yake peke yake: lipu ya saruji haishikani vizuri na udongo, maji hupenya nyuma yake, fito zikaoza na mchwa wakaingia. Sehemu ya kuogea katika nyumba hiyo ni heri ijengewe ukuta wake wa matofali. Na wenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Pangani, wasizifunike kwa saruji ngumu. Kuta za namna hiyo zilijengwa kwa chokaa tangu enzi za Tongoni, nazo hupumua. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke, ambapo saruji huufungia ndani na kuubomoa ukuta taratibu.

Nirudi kwenye kazi yangu. Katika majeraha ya ujenzi, linaloniumiza kuliko yote ni jicho. Saruji mbichi na chokaa ni vikali kama magadi ya kuchemshia sabuni, navyo huendelea kuunguza kila dakika vinapobaki. Niliwahi kumpokea kijana aliyerukiwa na chokaa akipiga lipu ya juu. Wenzake walimtilia maziwa, wakamfunga kitambaa, wakamlaza kivulini asubuhi nzima. Alipofika kwetu kioo cha jicho kilikuwa kimekwisha kuwa cheupe, na jicho lile halikuona tena. Maji ya bomba yalikuwa hatua chache kutoka alipolala.

Basi, chokaa au saruji ikiingia jichoni, usisugue. Shikilia kope zifunguke, mwagia maji safi mengi mfululizo kwa nusu saa kamili, huku mgonjwa akizungusha jicho ili maji yafike hadi chini ya kope. Usitie maziwa, asali, wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema maumivu yamepungua. Sisi wa Tanga tuna Bombo, hakuna sababu ya kungoja kesho. Miwani ya kazi ingemwokoa kijana yule.

Kwenye ngozi, saruji mbichi ni mwizi. Haiumi mara moja. Fundi hupiga magoti kwenye saruji akifanya niru, au saruji ikaingia ndani ya buti, na jioni anakuta ngozi imeungua vibaya. Avae glavu za mpira na buti, si kandambili, na akichafuka aoshe papo hapo kwa maji mengi. Anayechomwa na msumari wa zamani asafishe kidonda kwa maji na sabuni, kisha aulize habari ya chanjo ya pepopunda.

Ukuta ukiwa bado wazi, fikiria wazee wa nyumba. Niru nyororo inapendeza macho, lakini ikilowa sabuni huteleza, na nyonga ya bibi iliyovunjika bafuni ni kilio cha miaka. Mwambie fundi akwaruze sakafu kidogo kwa fagio kabla haijakauka, na apachike kishikio cha chuma ndani ya tofali kabla ya kupiga lipu. Kikipachikwa baadaye kwenye lipu tupu, kitang’oka na mtu.

Kwa bafu, kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga wa mto uliooshwa kinatosha. Lipu mpya inataka kumwagiliwa maji kwa siku 7, ndiyo maana utaona pipa limejaa uani wiki nzima. Hilo pipa nalo litazamwe. Mwaka 2019 homa ya dengu ilisumbua sana Dar es Salaam na Tanga yetu, na mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyotulia karibu na nyumba, na huuma mchana. Pipa lifunikwe vizuri. Kazi ikiisha, maji yamwagwe na kuta za ndani zisuguliwe kwa brashi, kwa kuwa mayai ya mbu huyu hung’ang’ania pale pale hata pipa likikauka, yakingoja maji mengine.