Goma: kukimbia bila kufukuzwa

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maduka ya barabara ya Kanyamuhanga yakiwa bado yamefungwa, makundi ya vijana wanaokimbia husikika mjini Goma kabla ya kuonekana. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na miguu inapiga lami kwa pamoja. Kuna wanafunzi, walimu, wafanyakazi wa mashirika, vijana wasio na kazi, na wamama wanaotembea haraka nyuma ya kundi. Zoezi hilo wanaliita futingi. Wengi wao hawajiandai kwa shindano lolote. Wanatoka ili kupunguza mawazo.

Mawazo hayo yana sababu zake. Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya mji na Goma ikaangukia mikononi mwa AFC/M23, maisha ya kila siku yamejaa maswali. Mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Mwenye akiba hakuweza kuifikia, na mwenye biashara hakujua mzigo wake utapita njia gani. Mapatano kati ya Kinshasa na Kigali yalitiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025, kisha tamko la Doha kati ya serikali na M23 likafuata tarehe 19 Julai. Kila mara watu walikaa karibu na redio na simu kusikiliza kama kuna kitu kitabadilika. Hofu ya risasi mtu anaweza kuieleza. Kutojua ya kesho ni shida ya aina nyingine: haina kelele, lakini inamkosesha mtu usingizi.

Kwa nini basi mtu aliyechoka namna hiyo aamke mapema na kwenda kujichosha zaidi?

Jibu la kwanza liko ndani ya neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu, neno kukimbia linafanya kazi mbili. Anayefanya mazoezi anakimbia, na anayeokoa roho yake anakimbia. Kutokana na neno hilohilo tunapata mkimbiaji na mkimbizi. Hapa Goma maana ya pili ndiyo iliyozoeleka zaidi. Mwezi wa saba 1994 mji ulipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 1996 vita vilifika hapa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, mawe ya moto yakapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakakimbilia Gisenyi. Tarehe 20 Novemba 2012 M23 waliingia mara ya kwanza. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena usiku, na siku chache baadaye amri ya kuhama ikatoka: barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na mbuzi. Kisha ikafika Januari 2025.

Mtu wa miaka thelathini na mitano aliyekulia hapa amejifunza somo moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha shule: watu wakikimbia, kimbia kwanza, uliza baadaye. Ndiyo maana mtu mmoja anayekimbia peke yake barabarani bado anashtua wengine. Motari anageuza kichwa. Mama anayepanga nyanya zake chini anatazama alikotoka huyo mtu, siyo anakokwenda. Kwa maoni yangu, nyimbo za futingi hazikuanzishwa kwa ajili ya furaha peke yake. Zinatangaza kwa kila anayesikia kwamba hawa hawafukuzwi na mtu. Kundi linaloimba halileti hofu.

Kuna Mkongomani anayejulikana ambaye maisha yake yanaunganisha maana hizo mbili. Makorobondo Salukombo, ambaye familia yake inatoka Kirotshe, kwenye ukingo wa ziwa Kivu kupita Sake, aliikimbia vita akiwa mtoto pamoja na wazazi wake, na mwishowe wakapokelewa Marekani, mjini Cleveland. Huko alianza kukimbia mbio za shule. Badala ya kubaki na mafanikio yake ng'ambo, alirudi kwao na kuanzisha Project Kirotshe, ambayo ilifundisha mbio kwa vijana wa kijiji. Mwaka 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, alikimbia marathoni kwa jina la Congo. Beatrice Kamuchanga, binti aliyetoka katika mazoezi hayohayo, alikimbia mita 5,000. Barabara inayopita Kirotshe, kati ya Sake na Minova, ndiyo iliyopitwa tena na familia zenye mizigo kichwani wakati wa mapigano ya 2024 na mwanzo wa 2025.

Tuangalie mwili sasa. Tunaposhtuka, mwili hutoa adrenalini, na baada yake kotisoli. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, sukari inaingia katika damu na misuli ya miguu inakuwa tayari. Ni maandalizi ya kupigana au kutoroka. Maandalizi hayo yanafaa sana kama hatari ni nyoka aliye njiani. Lakini habari mbaya iliyosomwa kwenye simu saa nne ya usiku inawasha mashine hiyohiyo, na mtu analala kitandani na mwili ulio tayari kwa safari isiyokuwepo. Siku moja si neno. Miezi mingi ya namna hiyo huleta maumivu ya kichwa na ya tumbo, hasira ya haraka na usingizi wa vipande vipande. Mazoezi nayo hupandisha moyo na kotisoli kwa muda, kisha vinashuka. Mwili unaozoezwa mara kwa mara unajifunza kupanda na kushuka bila kukwama juu.

Halafu kuna ile raha inayokuja baada ya kukimbia. Kwa miaka mingi sifa yake imepewa endofini, dawa za maumivu ambazo mwili hujitengenezea. Wachunguzi wa Hamburg, Ujerumani, walijaribu jambo hilo katika uchunguzi uliotoka mwaka 2021. Waliwapa baadhi ya watu 63 dawa inayozuia kazi ya endofini, kisha wakawakimbiza dakika 45. Raha ilikuja vilevile, na wasiwasi ukapungua vilevile. Inaelekea kazi kubwa inafanywa na kemikali nyingine, ambazo ni ndugu wa zile zilizomo katika bangi, ila hizi mwili unajitengenezea bila kununua na bila polisi.

Uchunguzi mwingine, wa Amsterdam, uliotoka mwaka 2023, unatuhusu zaidi. Watu 141 wenye huzuni kubwa au wasiwasi wa kupita kiasi walifuatiliwa kwa majuma 16. Karibu wote walichagua wenyewe: 45 walichukua dawa, 96 wakaenda kukimbia katika kundi lenye mwalimu, mara mbili au tatu kwa juma. Mwishoni, kwa upande wa akili, matokeo yalikuwa karibu sawa: karibu asilimia 44 walikuwa wamepona kila upande. Wakimbiaji walipata pia nafuu ya uzito na ya shinikizo la damu. Lakini asilimia 82 ya waliochagua dawa walifuata mpango wao, wakati kwa wakimbiaji ilikuwa asilimia 52 tu. Yaani dawa ya miguu inaponya, shida ni kuinywa. Na hao walikuwa Uholanzi, kwenye njia safi na taa za barabarani.

Hapo ndipo makundi yetu yanapata maana. Mtu akiwa peke yake, mvua ya asubuhi inatosha kumrudisha kitandani. Akijua kwamba wenzake watamwita jina wakipita mbele ya nyumba, anatoka. Kundi linafanya jambo jingine pia: asiyeonekana siku tatu anaulizwa. Katika mji ambao watu wamehamahama na majirani wamebadilika, kuulizwa uko wapi si jambo dogo.

Wako wanaocheka. Wanasema futingi ni mchezo wa walioshiba. Hawana kosa kabisa. Mama anayetoka Ndosho na mzigo wa mkaa mgongoni ameshafanya mazoezi yake kabla jua halijapanda, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni tiba. Watu waliokuwa katika kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, ambao mwezi wa pili 2025 walijikuta wakirudi barabarani, hawahitaji kushauriwa watembee. Kumwambia mwenye njaa akimbie ili apunguze mawazo ni kumtukana. Mazoezi yanamsaidia mtu ambaye usiku amekula hata kidogo na anaweza kupata maji ya kunywa akirudi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Mwalimu anayetembea kwa miguu kutoka Keshero hadi Katindo kwa sababu hana nauli ya pikipiki ameshajaza sehemu ya hesabu yake, hata kama kwa hasira.

Kwa anayetaka kuanza, Goma ina masharti yake. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo mgeni anayetoka Kinshasa asishangae pumzi ikimkatika mapema. Anayeanza aende polepole: dakika moja ya kukimbia, mbili za kutembea, kisha arudie. Kipimo cha mwendo ni mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kutaja hata jina lako, punguza. Wanaoimba wana kipimo hicho tayari, kwa sababu hakuna anayeweza kuitikia wimbo huku akikimbia kupita nguvu zake.

Jambo la pili ni mazuku. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga, Bulengo na Lac Vert, gesi ya kaboni inatoka ardhini na kujikusanya mabondeni. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, ndipo inapokuwa hatari zaidi. Saa hiyo ndiyo saa ya futingi. Anayekimbia upande huo abaki kwenye barabara iliyoinuka, asikate njia bondeni kwa kutafuta ufupi, na asiiname katika shimo kufunga kamba za kiatu. Ukiona ndege au panya waliokufa sehemu moja, rudi ulikotoka.

Mengine ni ya akili ya kawaida, ila huku yana uzito. Nguo zenye rangi za kijeshi ziachwe nyumbani, hata kama ni suruali nzuri. Simu isitolewe kupiga picha mbele ya vizuizi na kambi. Ni bora kutoka kukiwa kumepambazuka kuliko gizani, na watu watatu ni bora kuliko mmoja, hasa kwa wasichana, ambao wengi wao hawathubutu kutoka bila kundi. Viatu si lazima viwe vipya. Vile vilivyovaliwa vya Birere au vya soko la Virunga vinatosha kama soli bado ina unene, kwa maana mawe ya volkano yanakata. Na tusisahau kwamba Jumamosi kuna salongo.

Kuna mahali ambapo miguu haifiki. Mwaka 2019 OMS ilikadiria kwamba katika nchi zenye vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kuanzia huzuni ndogo hadi ugonjwa mkubwa. Kwa aliyemwona ndugu yake akiuawa, au aliyefanyiwa ukatili wa kingono, sauti ya miguu mingi inayokuja alfajiri inaweza kuwa ndiyo inayomrudisha katika siku ile. Huyo asilazimishwe kuingia kundini kwa maneno ya kumtia moyo. Mtu asiyelala kwa majuma, anayeshtuka kila mlango unapofungwa, aliyeacha kula, anayeongea juu ya kutaka kufa au anayeanza kulewa kila siku ili asahau, anahitaji kuonwa na mganga au na mtaalamu wa akili. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, vyote vya Mabruda wa Upendo. Bado wapo wanaoogopa kuonekana kwenye mlango wa vituo hivyo, kwa sababu jirani atasema fulani ameshakuwa kichaa. Rafiki wa futingi anaweza kumsindikiza hadi hapo, kwa miguu, wakiongea mambo mengine njiani.