Chupa Isiyosahau Umbo Lake

Mimina maji yanayochemka ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa, uone itakavyojikunja. Kuta hunywea, urefu hupungua, ubavu hupinda. Shingo peke yake ndiyo hubaki na umbo lake. Wengi huhesabu chupa hiyo imeharibika, lakini fundi wa maua ya plastiki huuhitaji mnyweo huo, maana ndio unaokunja kipande bapa kikawa petali.

Chupa hizi ni za plastiki iitwayo PET. Wakemia wa Uingereza John Rex Whinfield na James Tennant Dickson waliivumbua mwaka 1941, na kazi yake ya kwanza ilikuwa nyuzi za nguo. Ndiyo poliesta ya mashati na mapazia tuliyonayo hadi leo. Kuigeuza kuwa chupa inayostahimili gesi ya soda kulihitaji ujanja mwingine, na hataza yake alipewa mhandisi Mmarekani Nathaniel Wyeth mwaka 1973. Baba yake, N. C. Wyeth, na mdogo wake, Andrew, walikuwa wachoraji mashuhuri. Yeye alichagua mashine.

Ujanja wenyewe ni kuvuta. Kiwandani kazi huanza na kichupa kifupi chenye kuta nene, hesi za kizibo zikiwa tayari shingoni. Hupashwa moto kikalainika, kikavutwa kwa fimbo na kupulizwa kwa hewa ndani ya kalibu, kisha kikapozwa haraka. Molekuli za PET ni minyororo mirefu, na mvuto huo huinyoosha na kuipanga. Ndiyo maana ukuta mwembamba vile unahimili msukumo wa soda. Lakini minyororo hiyo imegandishwa ikiwa imevutika, mfano wa mpira wa manati uliozuiwa usirudi. Joto likipita takriban nyuzi 75 za Selsiasi, hupata nafasi ya kusogea na kurudi ilikotoka. Shingo haikuvutwa, kwa hiyo haina pa kurudi.

Anayelijua hilo hahangaiki na mshumaa, ambao huunguza plastiki na kuacha weusi. Ukikata chupa upate kikombe cha kalamu, ukingo wake huwa mkali wa kukata kidole. Uweke juu ya pasi yenye joto la wastani, karatasi ikiwa katikati, nao utanywea na kujikunja kwa ndani mpaka uwe laini. Pasi ya namna hiyo haifiki nyuzi 250 hivi zinazoyeyusha PET. Vilevile utepe mwembamba uliokatwa kwa kuzungushia chupa unaweza kufungwa kwenye mpini wa kisu au mguu wa stuli. Ukishamwagiwa maji ya moto hujikaza wenyewe, bila gundi.

Dumu la njano la mafuta ya kupikia halina tabia hizo. Kwa kawaida hilo ni la HDPE, namba 2 katika pembetatu iliyochapwa kitakoni. PET ni namba 1. Namba ikiwa imefutika, tumia beseni la maji: kipande cha chupa ya PET huzama, cha dumu huelea. Vizibo vya chupa navyo huelea, na viwanda vya kurejeleza plastiki hutumia tofauti hiyo kuvitenganisha na chupa zilizosagwa.

Dumu hukatwa vizuri kwa msumeno mdogo likawa chungu cha maua, ila rangi ndiyo huwasumbua wengi. Unalipaka leo, baada ya muda mfupi rangi inabanduka vipande vipande. Molekuli za HDPE ni kaboni na hidrojeni tupu, hazina pa kuishika rangi wala gundi. Viwandani uso wake hupitishiwa ndimi za moto haraka ili upate oksijeni kidogo, kisha ndipo uchapwe maandishi. Nyumbani, osha mafuta yote kwa sabuni, piga msasa ukiwa umelilowesha ili vumbi lake lisipeperuke, kisha upake rangi iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki. Vipande vya kuungana, toboa ushone kwa waya.

Chungu kikikaa juani, rangi ina kazi nyingine zaidi ya urembo. Mionzi ya urujuanimno hukatakata minyororo ya plastiki, nacho huchujuka, hukakamaa, na mwisho hupasuka kwa kuguswa tu. Rangi huikinga, sawa na masizi yanayochanganywa katika matangi meusi ya maji.

Vyombo vingine havifai kuchezewa. Namba 3, yaani PVC, ikiungua hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki, hivyo usiipashe moto kabisa. Sahani nyeupe za povu, namba 6, huyeyushwa na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, na rangi nyingi za kupuliza huzitoboa. Chombo kilichobeba dawa ya kuua wadudu hakina kazi ya urembo ndani ya nyumba, hata kikioshwa mara ngapi.

Hata hivyo, ua la plastiki bado ni plastiki. Limecheleweshwa tu kufika jalalani, na namna lilivyounganishwa ndiyo itakayoamua mwisho wake. Chupa iliyobandikwa gundi, pambo la kumetameta na rangi tatu haina kiwanda kitakachoitaka. Iliyokunjwa kwa joto na kufungwa kwa utepe wa PET yenyewe, siku ukiichoka, unaitia kwenye gunia la muokota chupa pamoja na nyingine.