Kifua Wazi Mbele ya Macho Mengi

Pitia picha zinazowekwa Instagram na TikTok kutoka ufuo wa Diani na hutakawia kumkuta kijana aliyesimama kifua wazi, maji yamekupwa, jua linakaribia kuzama. Tumbo amelibana hadi misuli ikajichora, na mikono ameiachanisha kidogo na mbavu ili mabega yaonekane mapana. Nia yake inaeleweka: anayetazama aone afya, nguvu na ujana. Hoja yangu ni kwamba mtazamaji huyaona hayo na huona pia mengine ambayo mwenye picha hakuyakusudia. Pwani hii, kuanzia Ukunda hadi Msambweni na Shimoni, ina watazamaji wa namna nyingi mno, na mwili mmoja hauwezi kusema neno lile lile kwa wote.

Kwanza, hukumu hutolewa haraka. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kuwa sehemu ya kumi ya sekunde yamtosha mtu kuutazama uso asioujua na kuamua kama mwenyewe ni mwaminifu au hodari. Walioongezewa muda hawakubadili sana uamuzi wao. Waliongeza tu imani kwamba wamepatia. Utafiti huo ulihusu nyuso, lakini sioni kwa nini mwili mzima kwenye kioo cha simu, unaopitishwa kwa kidole gumba, upate subira zaidi. Na kabla ya simu hizi, pwani yetu ilikuwa na mfano wake. Corinne Hofmann, Mswisi aliyekuja likizo miaka ya 1980, alisimulia katika kitabu chake cha 1998 jinsi alivyomwona morani wa Kisamburu ndani ya feri ya Likoni na papo hapo akavutwa na umbo lake. Aliacha biashara yake kwao, akaolewa, akaishi Samburu, wakapata mtoto, kisha mwaka 1990 akarudi Uswisi na ndoa imevunjika. Mtazamo mmoja ndani ya feri ulimwonyesha umbo. Mengine ilibidi ayajue kwa kuishi nayo.

Sasa yule kijana wa Diani hatazamwi na mtalii peke yake. Kwenye simu ile ile wamo shangazi yake wa Gazi, mwalimu aliyemfundisha madrasa, baba wa binti anayetaka kumposa, na meneja wa hoteli alikopeleka barua ya kazi. Kisheria hana kosa: kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, kwa hiyo kaptura fupi ingemtia hatiani kabla ya kifua. Hata hivyo hakuna atakayepima picha kwa kitabu cha fikihi. Watalii wamekuja Diani kwa miongo mingi, na kila nyumba imesikia habari za mabichi boi wanaoishi kwa kuwafuata wageni. Kifua wazi ufuoni huangukia moja kwa moja ndani ya habari hizo, awe mwenyewe ni fundi umeme au mwanafunzi wa chuo. Mvuvi wa Msambweni anayevuta jarife ana kifua hicho hicho, pengine kipana zaidi, na hakuna anayemnong'onea, kwa kuwa kazi yake inaonekana pembeni yake. Na mzee mwenye kitambi na kanzu iliyopigwa pasi bado hudhaniwa kuwa mtu wa uwezo, ingawa daktari angemshauri apunguze.

La ajabu ni kwamba hata hao anaotaka kuwavutia huenda hawaombi misuli yote hiyo. Mwaka 2000 Harrison Pope na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya vijana wa kiume wa Austria, Ufaransa na Marekani. Vijana hao walikadiria kuwa wanawake wanapenda mwanamume mwenye takriban kilo 14 zaidi za misuli kuliko walizonazo wao. Wanawake walipoulizwa, walichagua mwili wa kawaida tu. Ni Wazungu na Wamarekani, kweli, lakini ndio hao hao ambao picha nyingi za Diani zinawalenga. Kosa hilo la makadirio lina gharama. Wapo wanaotoka kwenye vyuma wakaingia kwenye sindano za homoni, ambazo hupunguza mbegu za kiume na kuuumiza moyo.

Kuna atakayesema kwamba hapa mwili ndio chombo cha kazi, na ana haki ya kusema hivyo. Mcheza sarakasi wa hotelini, mwalimu wa mchezo wa tiara baharini, mpiga mbizi anayewapeleka wageni Kisite: hawa wakificha miili wataficha ujuzi. Lakini zitazame picha zao zinazowaletea wateja. Mmoja amebeba wenzake watatu mabegani, mwingine ameishika kamba huku anamfundisha mtoto. Mwili umo, na sababu yake imo. Mwingine atasema lawama ni ya watazamaji wenye kuhukumu ovyo. Nakubali kwa sehemu kubwa, ila tabia hiyo haitakwisha kesho, na kijana anatafuta kazi leo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Msambweni, ukitaka kuajiriwa kwenye boti, weka picha uliyoshika usukani. Nanyi waajiri wa Diani, kabla ya kumkata mtu kwa kifua chake cha simuni, mpigieni mumuulize anajua kufanya nini.