Kiukraina: Tuangalie mwisho wa neno

Mwenye kujifunza Kilatini asiogope lugha ya Kiukraina. Waukraina wanaandika kwa herufi za Kisirili. Hapa tutatumia herufi zetu. Tushike kwanza jambo moja: kazi ya jina katika sentensi inajulikana kwa mwisho wake.

1. Mtenda na mtendwa. Sisi tunasema: « Dada anaona ndugu. » Tukigeuza majina, « Ndugu anaona dada », maana nayo inageuka. Waukraina wanasema: Sestra bachyt brata. Wakigeuza, Brata bachyt sestra, anayeona ni dada tu. Kwa sababu gani? Kwa sababu brat, ndugu, amepokea a mwishoni, nayo inaonyesha kwamba yeye ndiye anayeonwa. Vilevile knyha, kitabu, inakuwa knyhu: Brat chytaie knyhu, « Ndugu anasoma kitabu ». Lakini kugeuza si bure: mara nyingi neno linalokaziwa linawekwa mwishoni.

2. Neno « ni ». Kwa wakati wa sasa, kwa kawaida halisemwi. Petro uchytel, maana yake: « Petro ni mwalimu ». Katika maandiko wanatia kistari katikati.

3. Neno la tendo. Sisi tunaweka alama ya mtu mbele: ninasoma, unasoma, anasoma. Wao wanaiweka nyuma, kama Kilatini: chytaiu, chytaiesh, chytaie. Kwa kukana wanatanguliza ne: Brat ne chytaie, « Ndugu hasomi ». Kwa wakati uliopita, tendo linafuata jinsi ya mtenda: brat chytav, lakini sestra chytala.

4. Kuita. Majina yana hali 7, na moja ni ya kumwita mtu. Kilatini kinageuza Petrus kuwa Petre. Kiukraina kinageuza Petro kuwa Petre vilevile. Brat anaitwa brate, Mariia anaitwa Mariie. Na katika sala Mungu anaitwa Bozhe, Baba anaitwa Otche.

Wengine wanadhani Kiukraina ni Kirusi kilichoharibika. Sivyo. Kirusi cha leo kimeacha karibu kabisa hali hiyo ya kuita, Kiukraina kimeishika. Nayo lugha hii imeteswa: mwaka 1876 serikali ya kaisari wa Urusi ilizuia uchapaji wa vitabu vyake. Hata Kanisa Katoliki la Ukraina lenye kufuata liturujia ya Bizanti lilifutwa na serikali ya Kisovieti mwaka 1946, na waamini wake walisali kwa siri hadi mwaka 1989.

Basi, usijifunze jina peke yake. Liandike katika daftari mara tatu: likitenda, likitendwa, likiitwa. Brat, brata, brate. Na siku utakapokutana na Mukraina aitwaye Petro, usimwite Petro. Mwite Petre.