Nani amekatazwa kununua bunduki?

Hapa Butembo na kule Beni tunasikia mara nyingi: «ONU inakataza serikali yetu kununua silaha, njo maana vita haiishe.» Tuangalie vizuri maneno haya.

Mwezi wa 7, 2003, Baraza la Usalama la ONU lilikataza inchi zote kuuzia silaha vikundi vyenye kupigana katika Kivu na Ituri. Mwaka 2005 katazo likaenea Congo nzima. Lakini tangu 2008 serikali yetu iliruhusiwa kununua. Muuzaji tu alipashwa kujulisha kamati ya ONU mbele ya kutuma mzigo. Tarehe 20 mwezi wa 12, 2022, hata sharti hilo liliondolewa. Waasi njo wamebaki chini ya katazo.

Basi, waasi wanatoa wapi masasi? Kumbe mara nyingi kwa askari wetu wenyewe! Wanavamia kambi, wanabeba bunduki na masasi, kisha wanatuulia nazo watu katika mashamba ya kakao. Bunduki ile ilinunuliwa kwa halali kabisa, na katazo la New York haliifikie tena. Ndiyo sababu Protokole ya Nairobi ya 2004, ambayo Congo ilitia sahihi, inaomba alama juu ya kila bunduki ya serikali na ulinzi wa ghala.