Anayeshika bambo

Mama mmoja mkulima wa mahindi, pande za Mpanda Ndogo wilayani Tanganyika, ana daftari la shule alilolipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni uzito wa gunia alioupima mwenyewe nyumbani. Ya pili, uzito uliosomwa sokoni. Ya tatu, unyevu. Ya nne, pana kuliko zote, ameipa kichwa cha neno moja: nani. Nilikuwa nimekwenda kuuliza bei tu, lakini safu hiyo ya nne imenikaa kichwani tangu hapo.

Ni katibu wa kikundi cha wakulima, na majirani humpelekea mahindi ayakague kabla hawajakodi gari la kwenda Mpanda mjini. Hana kipima unyevu. Ana chupa ya soda iliyokaushwa vizuri, na chumvi kavu. Anatia punje, anatia chumvi, anatikisa, anaitua. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, turubai litandikwe tena. Ikibaki chini, anaruhusu magunia yafungwe. Chupa ina mipaka yake, anakubali, maana haijui desimali: inatenga mabichi na makavu, basi. Kiwango cha Afrika Mashariki, nacho, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5.

Kisha akanionyesha bambo. Ni kipande cha chuma kilichochongoka, chenye mfereji tumboni. Anayelishika hulichoma ubavuni mwa gunia, mfereji ukitazama chini, halafu hulipindua, punje zikateremka hadi kiganjani. Mama alitaka nielewe kwamba hukumu yote inategemea alipochoma. Ukichoma mdomoni mwa gunia, unaona mahindi ambayo muuzaji amependa uyaone. Ukichoma kitakoni, palipogusa ardhi yenye umande, unaona mabaya kuliko yaliyomo. Yeye huchoma juu, kati na chini, upande huu na ule, akachanganya punje kwenye ungo, ndipo aseme neno. Ameshaona mnunuzi akichoma mara moja tu, akanusa, akatikisa kichwa, na mzigo mzima ukateremshwa. Ameona pia mzigo uliokataliwa asubuhi ukipita jioni, kwa mkono mwingine. Hakutaka kusema ni wapi, nami sikumsukuma.

Kiwango chenyewe hana ugomvi nacho. Anajua mahindi mabichi huota ukungu, na hajasahau sumukuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hesabu anaijua pia: gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16, likianikwa hadi 13.5, linabaki na kilo 97 hivi. Kwa shilingi 700 kwa kilo, bei iliyotangazwa msimu wa 2024, hapo zimeondoka shilingi 2,000 na ushee. Hilo halimuumi, kwa sababu yeye anauza mahindi, hauzi maji. Kinachomuuma ni kulala nje ukilinda mzigo uliokataliwa, huna hata kipande cha karatasi cha kukuambia umekosa kwa kiasi gani.

Huko juu, uwajibikaji umepangwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unaonunua mahindi ya wakulima, uliundwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997 na ukaanza kazi mwaka 2008. Una Mtendaji Mkuu, una Bodi ya Ushauri, unakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali inaweza kuuita uhojiwe. Mpanda umejengewa vihenge vya kisasa kwa mkopo wa Poland, na Rais Samia alivizindua Julai 2024. Yote hayo ni ya maana, na sina haja ya kuyabeza.

Lakini fuata kalenda pamoja na mama huyu. Mahindi yaliyouzwa Julai 2024 yamo katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2025. Ripoti ya CAG ya mwaka huo mahali pake ni mezani kwa Rais mwishoni mwa Machi 2026, kisha bungeni Aprili. Kufikia hapo mavuno ya 2025 yameshauzwa na kuliwa, na mahindi ya 2026 yamebeba shambani. Na mkaguzi anakagua kilichoandikwa: tani zilizopokelewa, stakabadhi, malipo. Gunia lililogeuzwa getini bila karatasi, atalikuta wapi?

Mama naye ana swali lake, na nimelibeba kama alivyoniachia. Mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, na hata asiyejua kusoma ameshajifunza kuitafuta kabla hajapandisha gunia. Kipima unyevu je, kinapimwa na nani? Na mkono unaoshika bambo?

Kikundi chake kimekubaliana kuandika barua. Wanaomba kila mzigo unaokataliwa, popote pale na kwa mnunuzi yeyote, uandikiwe karatasi yenye kipimo, saa, na jina la aliyepima. Rasimu ipo, imeandikwa nyuma ya daftari lilelile. Wamekwama kwenye mstari wa kwanza: wengine wanataka iende kwa msimamizi wa kituo cha ununuzi, wengine kwa meneja wa kanda wa NFRA, wengine kwa mkuu wa wilaya, na wazee wawili wanashikilia kwamba bila mbunge haitasomwa.