Gari-Nyumba Kutoka Ulaya: Kwa Nini Tuliuliza Kwanza Habari za Giaboksi

Mwaka jana marafiki zetu wa usharika mmoja wa Ujerumani walituandikia wakitaka kutupatia gari lililotumika. Picha waliyoambatanisha ilionyesha gari-nyumba, yaani yale magari ambayo familia za Ulaya husafiri nayo wakati wa likizo, yenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Wazo lao lilikuwa jema: vitanda viondolewe, viwekwe vifaa vya kupimia macho, na gari liwe kliniki ya kuzungukia mitaa ya milimani.

Katika kikao cha kamati mjumbe mmoja alifurahi kusikia kuwa gari ni otomatiki, akasema hata mchungaji ataweza kuliendesha. Mjumbe mwingine, ambaye ni fundi wa magari kwa kazi yake, aliuliza swali moja tu: otomatiki ya namna gani? Hatukuwa na jibu. Kwa kuwa ahadi za namna hii huja mara kwa mara, tumeona ni vyema tuwaeleze yale tuliyojifunza tulipokuwa tukilitafuta jibu hilo.

Kwanza ieleweke kwamba gari-nyumba kwa kawaida halitengenezwi lote na kiwanda kimoja. Kiwanda cha magari hutoa chesisi, injini na kibanda cha dereva, kisha kampuni nyingine hujenga nyumba juu yake. Chesisi inayotumika zaidi Ulaya ni ya Fiat Ducato. Zipo pia za Peugeot Boxer na Citroën Jumper ambazo ni ndugu zake, halafu Ford Transit na Mercedes-Benz Sprinter. Yote haya kwa asili ni magari ya kusambaza mizigo mjini. Gari la mizigo hutoka asubuhi limejaa na jioni hurudi tupu. Gari-nyumba halirudi tupu hata siku moja. Kabati, maji, gesi na vitanda vyake husafiri nalo daima, na mara nyingi liko karibu kabisa na kilo 3,500, kiwango ambacho leseni ya kawaida ya gari dogo katika nchi nyingi za Ulaya imekuwa ikiishia. Zaidi ya hayo, bodi yake ni pana na ndefu kwenda juu, hivyo hupigana na upepo. Injini isiyo na tabu katika gari la mizigo hujikuta inafanya kazi ngumu kila saa.

Watu wengi wakitaka kujua ubora wa injini huuliza nguvu za farasi. Kwa gari zito kipimo cha pili ni cha muhimu zaidi, nacho ni nguvu ya mzunguko, inayopimwa kwa nyutoni-mita. Hiyo ndiyo inayoling'oa gari mahali liliposimama. Mfano mzuri ni Ducato ya mwaka 2021 yenye injini ya lita 2.2 na nguvu za farasi 180. Ikiwa na gia za mkono hupewa nyutoni-mita 380, lakini ikiwa na giaboksi ya otomatiki hupewa 450. Injini ni ile ile. Maana yake ni kwamba si kila mara injini ndiyo inayoweka kikomo. Mara nyingine ni giaboksi iliyo nyuma yake na kiasi inachoweza kubeba.

Hapa ndipo klachi inapoingia. Dereva anapong'oa gari zito mlimani, klachi huteleza kwa sekunde chache kabla ya kushika, na kuteleza huko ni joto. Ducato iliyotoka mwaka 2006 ilileta malalamiko mengi kwa wenye magari-nyumba wa Uingereza, kwa sababu ilitikisika vibaya iliporudi nyuma kwenye mwinuko. Gia ya rivasi ilikuwa na mwendo mkubwa kupita kiasi kwa gari lenye uzito ule, hivyo dereva alilazimika kuitelezesha klachi muda mrefu. Anayejua barabara zetu za mitaani, ambako kukutana na lori ni kurudi nyuma mita hamsini ukiwa kwenye kona, ataelewa mara moja tatizo hilo lingekuwaje huku.

Sasa turudi kwenye swali la fundi wetu. Neno otomatiki huficha mitambo isiyofanana. Wa kwanza hauna klachi ya kawaida kati ya injini na giaboksi. Badala yake kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, na ndani yake yako mapangaboi mawili yanayotazamana. La kwanza huzungushwa na injini na kuisukuma oili, na oili hulizungusha la pili. Hakuna vyuma vinavyosuguana wakati wa kuondoka, na gari likiwa limesimama chombo hicho huweza kuizidisha nguvu ya mzunguko karibu mara mbili. Ndiyo sababu gari la namna hii huondoka mlimani polepole bila kulalamika. Gharama yake ni joto la oili yenyewe. Gari likipanda mwendo wa mtu anayetembea kwa nusu saa, oili huchemka ikiwa kipoozeo ni kidogo, na oili iliyoungua ndiyo mwanzo wa kufa kwa giaboksi. Kwa hiyo msemo kwamba oili ya giaboksi ya otomatiki haibadilishwi maisha yote tunaushuku sana.

Wa pili ni otomatiki kwa jina tu. Giaboksi ni ya mkono, klachi ni ile ile ya kawaida, ila mkono na mguu wa dereva umechukuliwa na mashine ndogo inayoongozwa na kompyuta. Fiat waliuita Comfort-Matic, na Sprinter ya kwanza ilikuwa nao kwa jina la Sprintshift. Barabarani hauna shida na hautumii mafuta mengi. Mlimani klachi huungua kama ya gari lolote, tena haraka zaidi, kwa sababu dereva hana mguu wa kuhisi inavyoteleza. Ukilizuia gari kwenye mwinuko kwa kukanyaga mafuta badala ya breki, unaiua. Uko pia mtambo wa klachi mbili, kama DSG iliyo katika Volkswagen California, lakini huo huonekana zaidi katika magari madogo kuliko haya.

Fiat wenyewe walihamia kwenye mtambo wa oili wenye gia 9 mwaka 2019, na mwaka 2024 wakaweka wa gia 8. Sprinter ilikuwa imetangulia miaka mingi.

Lipo jambo jingine ambalo giaboksi peke yake haiwezi kulitibu. Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele, na nyumba yake hutokeza nyuma sana. Likipanda, uzito huhamia nyuma na magurudumu ya mbele hubaki mepesi. Kwenye lami kavu ya Mombo kwenda Lushoto hilo si neno. Kwenye udongo mwekundu wa mwezi Aprili magurudumu yatazunguka hapo hapo, na nguvu zote za injini hazitasaidia kitu.

Aidha, kwa magari mapya yenye kiwango cha Euro 6, mitambo ya kusafisha moshi imeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango kilichoanza Afrika Mashariki mwaka 2015 kiliruhusu 50. Chujio la masizi huhitaji pia safari ndefu za mwendo kasi ili lijisafishe, na kliniki inayosimama siku nzima huku injini inanguruma haina safari hizo.

Majibu kutoka Ujerumani yalifika baada ya wiki tatu. Gari lilikuwa la mtambo wa pili, la kuvutwa mbele, na kwenye mizani lilikuwa na kilo 3,380 kabla hatujaweka hata kiti cha mgonjwa. Usukani uko kushoto. Kamati ilijadili kwa saa mbili, kwa kuwa si rahisi kukataa zawadi ya watu wanaotupenda, na hatimaye tuliwaomba waliuze huko huko na fedha zichangie gari la gia za mkono linalovutwa kwa magurudumu yote manne.

Tunawaomba wafadhili wetu, mnapofikiria kutoa gari, mtuandikie mambo manne: aina ya giaboksi, magurudumu yanayovuta, uzito uliopimwa kwenye mizani, na mara ya mwisho oili ya giaboksi ilipobadilishwa. Nazo kamati za sharika zisione haya kuuliza.

Marafiki zetu hawakukasirika. Mzee mwenye gari alijibu kwamba yeye mwenyewe amebadilisha klachi mara mbili akipanda Alps kila majira ya joto, na alidhani ni kosa lake.